Taa ya Mbele Inapocheza: Kutafuta Chanzo na Kuirudisha Mahali Pake

Simama mbele ya gari, weka kiganja juu ya taa kubwa na uisukume kuelekea nyuma, kisha juu, kisha pembeni. Taa iliyofungwa vizuri haisogei. Ukizidisha nguvu, linalotikisika ni gari lenyewe juu ya springi zake. Ikizama kidogo na kurudi, au ukasikia plastiki ikigonga bati, taa hiyo imelegea. Wenye magari wengi wakifika hapo huridhika kwamba bado inawaka, wakaiacha hadi siku gari litakapoingia gereji kwa shida nyingine. Nadhani wanaiacha kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa jinsi kosa la milimita chache pale mbele linavyokua likifika barabarani. Hesabu yake ni fupi, na inafaa kuifanya kabla ya kushika bisibisi.

Taa za gari dogo hukaa kwenye kimo cha sentimita 65 hivi kutoka ardhini. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu ufungaji wa taa za magari inataka mwanga wa dimu, kwa taa zenye kimo cha chini ya sentimita 80, uelekezwe chini kwa asilimia 1 hadi 1.5. Asilimia 1 maana yake mwanga unashuka sentimita 1 kwa kila mita 1 unayokwenda mbele. Kwa hiyo taa ya kimo cha sentimita 65 inagusa lami mita 65 mbele ya gari. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, umbali huo unaumaliza kwa sekunde zisizofika tatu. Ndani ya sekunde hizo unatakiwa umwone mtembea kwa miguu, ng'ombe aliyelala barabarani au lori lililoharibika bila kuweka alama.

Sasa chukua taa ambayo kutoka kishikio cha juu hadi cha chini ni sentimita 30. Kishikio cha juu kikivunjika na sehemu ya juu ya taa ikarudi nyuma milimita 3 tu, taa imeinuka kwa asilimia 1. Mteremko wote umekwisha na mwanga unakwenda sambamba na barabara. Ikirudi nyuma milimita 6, ukingo wa mwanga unaanza kupanda, na mita 50 mbele umefika sentimita 115, usawa wa macho ya dereva wa gari dogo anayekuja upande wa pili. Hali ikiwa kinyume, juu kumekuja mbele milimita 3, mwanga wako unaishia mita 32 na ushee. Taa inayocheza haichagui kosa moja kati ya hayo. Kila tuta na kila rasta huipeleka huku na huku, ikampofusha mwenzako sekunde hii na kukunyima barabara sekunde inayofuata. Kwenye barabara ya njia mbili kama ile ya Chalinze kwenda Segera, ambako gari lako na lori linalokuja hupishana kwa nafasi ndogo, hilo ni jambo la uhai.

Magari ya zamani hayakuwa na maradhi haya kwa kiasi hiki. Marekani ilifanya taa ya duara ya inchi 7, iliyofungwa kabisa kioo na kitako kwa pamoja, kuwa taa ya lazima kwa magari mapya tangu mwaka 1940, na taa za kipimo hichohicho ndizo zilizokuwa kwenye Land Rover nyingi tulizozizoea. Zilibanwa na pete ya chuma kwenye kikombe cha chuma. Mwaka 1983 Marekani ikaruhusu taa za umbo lolote zenye balbu ya kubadilishwa, na Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa gari la kwanza la nchi hiyo kuzitumia. Leo taa ni boksi kubwa la plastiki lenye umbo la uso wa gari, na linashikwa na masikio matatu au manne ya plastiki yaliyomwagwa pamoja nalo. Masikio hayo ni mafiga ya taa: likitoka moja, yaliyobaki hayawezi kusimamisha kitu.

Kinachoyavunja ni mambo kadhaa yanayosaidiana. Plastiki ya boksi hukaa jirani na rejeta na injini kwa miaka, ikipashwa moto na kupoa, hadi inakuwa kavu na nyepesi kuvunjika. Barabara ya changarawe yenye mikunjo huitikisa mara nyingi kwa kila sekunde. Halafu linakuja jambo dogo, bampa kuguswa wakati wa kuegesha. Bampa linanesa na kurudi, rangi haina hata mchubuko, lakini nyuma yake sikio la taa limekatika. Watengenezaji wengi huyaacha masikio yawe sehemu dhaifu kwa makusudi, ili mgongano mdogo ukate sikio na kuliacha boksi lenye thamani likiwa zima. Mtu anayesema taa yake ililegea yenyewe mara nyingi anasema kweli kama anavyoijua. Pigo lenyewe hakuliona.

Chanzo kingine ni gereji. Gari lilipopigwa rangi, au lilipobadilishwa rejeta, bampa na taa vilitolewa. Katika kurudisha, bolti moja ilikosekana, klipu mbili zilivunjika, na kwa kuwa yote hayo yanafunikwa na bampa, hakuna aliyeyaona. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzuri ni hili: gari hili limewahi kufunguliwa mbele?

Uchunguzi wenyewe una utaratibu, na utaratibu huo unaokoa pesa. Sukuma taa tena, safari hii macho yakiwa kwenye mstari kati ya taa na fenda, na kati ya taa na boneti. Mstari ukifunguka na kufunga, boksi zima limelegea. Mstari ukitulia lakini fenda na bampa vinakwenda pamoja na taa, basi taa haina kosa: kinachocheza ni bati la mbele ambalo taa imefungwa juu yake, ile fremu inayobeba rejeta. Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa huwa hivyo, na katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja hewa ya chumvi hulila bati hilo polepole hadi tundu la bolti linakuwa pana kuliko bolti. Kubadilisha taa katika hali hiyo ni kutupa fedha.

Linganisha pia upande wa pili. Gari lina taa mbili zinazofanana kama kitu na kivuli chake, na ile nzima ndiyo kipimo chako bora. Pitisha kidole kwenye upenyo wa juu wa taa zote mbili. Kama upande mmoja kidole kinaingia kucha tu na upande wa pili kinazama hadi kwenye pingili, umekwisha kujua taa imeelemea wapi.

Kisha fungua boneti na tazama bolti. Kwenye Toyota nyingi ndogo, ambazo ndizo zimejaa barabara zetu, bolti za juu za taa zinaonekana wazi na zinafunguliwa kwa spana namba 10. Zishike moja moja. Bolti inayozunguka bila kukaza ina maana nati ya bati iliyovishwa kwenye fremu imelegea au imeanguka. Tundu tupu halihitaji maelezo. Makosa haya mawili ni ya kawaida sana na dawa yake ni bei ya bolti, kwa hiyo usikubali bampa lifunguliwe kabla hayajaangaliwa. Masikio ya chini na ya pembeni hayaonekani kwa macho, lakini simu inayaona: washa tochi yake, iingize kwenye upenyo karibu na betri au kupitia upinde wa tairi kama kinga ya plastiki imetolewa, piga picha kadhaa, kisha zikuze. Sikio lililovunjika lina ukingo mweupe au wenye chembechembe, tofauti na weusi laini wa plastiki nzima.

Hapo watu wengi huishia, na hapo ndipo aina moja ya ugonjwa hukosewa. Kuna taa ambayo ukiisukuma kwa mkono ni ngumu kabisa, lakini usiku mwanga wake unatetemeka ukutani. Washa dimu mbele ya ukuta, injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na umwombe mwenzako aizime na kuiwasha huku wewe ukitazama ukingo wa mwanga. Ukitetemeka injini ikiwa hai na kutulia injini ikizimwa, tatizo liko ndani ya boksi. Humo, kioo cha kuakisi mwanga hakikugandishwa kwenye boksi. Kimening'inizwa kwenye skrubu za kurekebishia, na mwisho wa kila skrubu una kichwa cha duara kilichoingia kwenye kikombe cha plastiki. Kikombe kikilika, kioo kinalegea ndani ya boksi lililofungwa barabara. Hakuna bolti ya nje itakayolitibu hilo. Kabla ya kulaumu vikombe, hata hivyo, fungua kifuniko cha nyuma na uguse balbu. Balbu ya H4, yenye waya mbili za mwanga ndani yake, hushikwa na kipande cha springi. Springi ikiwa haikunasa, balbu inainama na mwanga unatawanyika. Tiba ni dakika moja.

Tuseme umeona: sikio la juu la upande wa bampa limekatika. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Kwa taa za zenoni hilo si la hiari, kwa kuwa kifaa chake cha kuwashia hutoa umeme wa zaidi ya volti 20,000. Bandika selotepu ya karatasi kwenye ukingo wa fenda na bampa, maana rangi huchunwa hapa kuliko mahali popote. Bampa linatoka kwa klipu za juu, skrubu za pembeni karibu na tairi, na zile za chini. Likishatoka upande mmoja, mara nyingi nafasi inatosha kuitoa taa. Weka kila bolti pamoja na klipu yake kwenye kopo kwa mpangilio zilivyotoka. Na utafute kipande kilichovunjika. Mara nyingi bado kimebanwa na bolti yake kwenye fremu, kikiwa kimekaa palepale kiwandani kilipowekwa, na thamani yake ni kubwa kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kinabeba kipimo.

Geuza boksi utafute herufi zilizopigwa kwenye plastiki. Utakuta PP, pengine PP-T40, ambapo 40 ni asilimia ya unga wa madini ya talki uliochanganywa. PP ni polipropilini, na herufi hizo mbili zinaeleza kwa nini matengenezo mengi ya taa hayadumu. Polipropilini haishikani na gundi za kawaida. Supaglu inakauka juu yake, inaonekana imeshika, fundi anaivuta na haitoki. Baada ya wiki ya matuta inabanduka nzima, ikiwa imehifadhi umbo la mpasuko, na plastiki chini yake ni safi kana kwamba haikuguswa. Gundi ya kuchanganya ya epoksi huishia vilevile isipokuwa iwe imetengenezwa maalumu kwa plastiki hii. Fundi hakufanya uzembe; alitumia dawa ya ugonjwa mwingine.

Polipropilini inachomelewa. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, kwa hiyo pasi ya kulehemia waya inatosha, ila isiwe na moto mkali: ukiona moshi mwingi, plastiki inaungua na haitashika. Futa vumbi na mafuta, rudisha kipande mahali pake, kata mfereji wa umbo la V kando ya mpasuko pande zote mbili, kisha zamisha pini za chuma zilizokunjwakunjwa zikivuka mpasuko. Ipo mashine ndogo ya kuzipasha pini hizo na kuzisukuma ndani. Gereji nyingi za bampa zinayo. Jaza mfereji kwa plastiki ya aina ileile. Hapa ndipo penye mtego, maana kilicho karibu na mkono ni dumu la mafuta ya kupikia. Dumu hilo ni polithilini, na vitu hivyo viwili vikiyeyushwa pamoja vinaonekana vimeungana lakini vikipoa vinaachana. Kipande cha bampa bovu lililoandikwa PP au PP/EPDM ndicho kinachofaa. Fanya kazi mahali penye hewa, na kioo cha mbele cha taa kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa, maana tone moja la plastiki ya moto huacha alama isiyofutika.

Kipande kikiwa kimepotea, uliza kwanza duka la spea kama sikio hilo linauzwa peke yake. Toyota na watengenezaji wengine wanatengeneza masikio ya kubadilisha kwa baadhi ya taa zao, yanayofungwa kwa skrubu kwenye sehemu zilizoandaliwa tangu kiwandani, na wamiliki wengi wananunua taa nzima bila kujua hilo. Lisipopatikana, sikio la bati au alumini linakubalika, kwa sharti kwamba kipimo kinachukuliwa kwenye taa ya upande wa pili: chora sikio lake zima kwenye boksi la karatasi ngumu, kata, geuza karatasi, na unayo sura ya lile lililokosekana. Lifunge kwa bolti na washa ya mpira katikati, lakini usitoboe ukuta wa boksi lenyewe. Tundu moja linaingiza unyevu, na unyevu ukishaingia kioo cha ndani hupoteza mng'ao wake.

Kuhusu waya wa kufungia, kebo tai na vipande vya tyubu, sina ugomvi navyo usiku, njiani, ukiwa unataka kufika nyumbani. Vinaizuia taa isidondoke. Ila havijui milimita, vinaivuta taa kuelekea upande vilikofungwa, na mpira unanyooka kadiri siku zinavyopita. Vinapaswa kutolewa kesho yake.

Wakati mwingine boksi limepasuka vibaya na hakuna cha kuchomelea. Utakwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, au soko la Kisekka, Kampala, kutafuta taa iliyotumika. Soma namba iliyopigwa kwenye kioo, karibu na jina la Koito, Stanley au Ichikoh, na uilinganishe na ya taa yako iliyobaki. Gari la jina moja likibadilishwa sura katikati ya miaka yake ya uzalishaji, taa zake hazioani. Hesabu masikio yote, na ukwaruze kwa ukucha kila linalong'aa kuliko mengine, maana ndilo lililogundishwa. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni upande wa barabara. Mwanga wa dimu huinuka kidogo kuelekea ukingo wa barabara ili kuangaza watembea kwa miguu, na kwetu, tunaoendesha kushoto, huinuka kushoto. Taa iliyotoka kwenye gari la Dubai, au la Kongo, Rwanda na Burundi ambako wanaendesha kulia, inainuka kulia, kwenye macho ya anayekuja. Inaweza kuingia kwenye tundu vizuri na kukaza bolti zote, lakini haifai, na hakuna skrubu inayoigeuza.

Wakati wa kufunga, vishe bolti zote kwa vidole kwanza, hakikisha mstari wa taa na fenda unalingana na wa upande wa pili, ndipo ukaze. Kaza hadi bolti ikatae, uishie hapo. Fundi anayeongeza robo ya mzunguko ili awe na uhakika ndiye anayepasua sikio jipya.

Kazi haijaisha. Gari lipelekwe kwenye sakafu tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa, kwenye kiti cha dereva akae mtu, na kama kuna kitufe cha kushusha taa ndani, kiwekwe sifuri. Sogea hadi karibu na ukuta, piga alama ya chaki kwenye usawa wa katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 10. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu unatakiwa uwe sentimita 10 chini ya alama. Ukikosa uwanja, mita 5 na sentimita 5 zinatoa jibu lilelile, ila kosa dogo la kupima linakuwa kubwa. Rekebisha kwa skrubu za nyuma ya taa, na iwapo skrubu imezungushwa hadi mwisho bila mwanga kufika mahali pake, simama. Taa haijakaa kwenye masikio yake. Skrubu ilitengenezwa kusahihisha kosa dogo lililobaki baada ya taa kukaa sawa, na kuitumia kuficha sikio lililovunjika ni kuahirisha kazi ileile.

Ukiwa umempa fundi kazi hii, kabla ya kulipa muulize alitumia plastiki gani kuchomelea, isukume taa kwa kiganja, na muombe aiwashe mbele ya ukuta mkiwa wawili. Wiki moja baadaye, baada ya matuta ya kawaida ya njia yako, isukume tena.